Vifaranga Wako Kiwandani

Jumatatu, 6 Machi

Mashine ya gemu ya Binti imekufa. Saa nane na robo mchana, dakika ya themanini na tisa, mimi naongoza mbili kwa moja. Kioo kikawa cheusi. Taa ya mbele ikawa nyekundu, ikakonyeza mara tatu, basi.

Wifi yangu akaitupa pedi ya kuchezea kwenye kochi, akasema yeye hakugusa kitu. Hakugusa! Kidole gumba kimeota sugu. Anakaa nyumba ya pili, na kila siku saa nane, wateja wangu wa cherehani wakipungua, anakuja kuniazima uzi. Miezi mitano sasa anaazima uzi. Hata kifungo kimoja hajashona.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mashine si yangu. Binti yangu aliipata miaka miwili iliyopita, zawadi ya mashindano ya hesabu. Humo ndani ameilea timu yake ya mpira, Vifaranga, kutoka daraja la mwisho kabisa hadi ligi kuu. Alipokwenda bweni aliniapisha: Mama, usiiguse. Nikaapa. Mkono juu kabisa. Sasa anarudi likizo fupi tarehe 24, na tarehe 25 anashindana ukumbi wa manispaa, kila mshiriki na timu aliyoilea mwenyewe. Ameyasubiri mashindano hayo tangu mwaka jana.

Zimebaki siku kumi na nane. Nyingi mno! Mimi gauni la harusi nimewahi kulimaliza kwa siku mbili, na bwana harusi hakugundua kitu.

Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi redio, mashine nimeificha kwenye mfuko wa vitambaa. Akaigeuza, akainusa, akauliza kama ilikuwa ikitoa harufu. Nikamwambia hapana, ila mchana chumba changu hunuka pasi. Akauliza pasi ilikuwa imewashwa. Sasa hilo ni swali gani? Nikamwambia sikumbuki.

Akauliza inakaa wapi. Hapo nikajidai kidogo. Nikamweleza kwamba nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina nguo, jokofu lina nguo, na mashine ya Binti nimeishonea vazi la satini ya waridi, lenye bitana ya sponji na marinda pande tatu. Halivuliwi hata wakati wa kucheza, vumbi lisije likaingia. Fundi akanitazama muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Kisha akasema haifungui ng'o. Waranti inaisha mwisho wa mwezi huu, na nyuma kuna stika ya kiwanda. Stika ikichanika, kiwanda kinanawa mikono. Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana jana jioni nilikuwa nimeshafungua skrubu moja kwa bisibisi ya cherehani. Stika ilikuwa ya skrubu ya pili. Nimeponea chupuchupu!

Jumatano, 8 Machi

Simu kwa watengenezaji. Sauti ya mashine ikanikaribisha vizuri, ikaniambia nibonyeze moja, kisha nne, kisha nisubiri. Nikasubiri. Nimepinda sketi mbili za shule na kutia zipu ya suruali huku filimbi inanililia sikioni.

Hatimaye dada mmoja wa huduma kwa wateja. Mpole. Akasema waranti ni ya Binti, kwa hiyo ni lazima azungumze na mwenyewe. Nikamwambia huyu hapa. Nikarudi na sauti nyembamba ya msichana wa miaka kumi na sita. Wifi alikuwa mlangoni, akajiziba mdomo na mtandio.

Tarehe ya kuzaliwa? Nikaitaja mpaka na saa. Siku hiyo nilikuwepo, tena kazi yote niliifanya mimi. Halafu akaniuliza swali la siri ambalo Binti alijiwekea: nani unayemwamini kuliko watu wote duniani? Hata sikufikiri. Mama, nikasema. Akasema samahani, sivyo. Nina nafasi mbili. Nikasema Baba. Sivyo.

Nikamtazama Wifi pale mlangoni. Yeye akaanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Nikalitamka kwa meno: Shangazi. Ndiyo, akasema yule dada, asante sana.

Kesi imefunguliwa. Lakini moyo umenichoma, sitaki uongo. Miezi tisa tumboni, halafu Shangazi! Huyu ambaye hawezi hata kupiga kona.

Alhamisi, 9 Machi

Nimejaza fomu ya kiwanda. Eleza tatizo, mistari mitatu. Nikaongeza kurasa mbili, nikautaja umeme wa mtaa huu, joto la mwaka huu, na paka wa jirani. Swali la tisa: je, mashine iliwahi kufunikwa ikiwa inafanya kazi? Nikaweka alama kwenye Hapana.

Kisha nikaifunga vizuri. Walisema iwekewe kitu laini kisiumie chochote njiani. Mimi nikaivalisha vazi lake la satini, nikakaza kamba, nikaitia kwenye sanduku. Kuna kitu gani laini kuliko sponji yangu? Na huko kiwandani waone kwamba imetoka kwa watu wanaojali.

Kuhusu wapakiaji nilikuwa nimejipanga. Watu wa vifurushi hurusha mizigo, kila mtu anajua. Kwa hiyo nikaandika kwa wino mwekundu pande zote: MAYAI. Karani wa ofisi ya vifurushi akasema hawapokei mayai. Nikamwambia si mayai. Akauliza kwa nini basi imeandikwa mayai. Foleni nzima nyuma yangu ikasogea isikie jibu. Nikasema ni jina la ukoo.

Nimefungua sanduku, nimelifunga upya, nimeandika kilichomo. Karani alipoona jina langu kwenye risiti akauliza kama mimi ndiye fundi niliyekaa na sketi ya mke wake tangu mwezi wa kwanza. Nikasema tunafanana tu.

Jumapili, 12 Machi

Pale mezani pana pengo, na mume wangu ni mkaguzi wa majengo. Huona ufa wa unywele kwenye ukuta wa ghorofa ya tano. Nikamwahi. Nimechukua bati la biskuti ninalowekea nyuzi, nikalishonea vazi la pili. Satini ya waridi iliisha, nikatumia ya bluu yenye maua ya njano. Mzee ameweka miwani yake juu ya bati siku tatu mfululizo. Jana alilifuta vumbi.

Leo Binti amepiga kwa simu ya matroni. Akauliza habari za nyumbani. Njema. Baba? Mzima. Akauliza Vifaranga hawajambo? Nikasema hawajambo kabisa, wanapumzika. Akasema vizuri, Mama, wapumzike, maana golikipa wake Mlango atakuwa na kazi kubwa siku ya mashindano. Huyo Mlango alimwokota akiwa kinda asiyetakiwa na timu yoyote. Anamzungumzia utadhani amemzaa.

Akaniuliza tena kama nina la kumwambia. Nikamwambia asome kwa bidii.

Niliongea vizuri sana. Sauti haikutikisika. Lakini baada ya kukata simu sikuweza kula.

Jumatano, 15 Machi

Kiwanda kimeupokea mzigo! Ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Nikacheza pale pale katikati ya mabaki ya vitambaa.

Wifi akavaa miwani, akasema ngoja kwanza asome yale maandishi madogo nyuma ya nakala ya fomu. Huyu mwanamke hasomi hata bei sokoni, leo ndiyo anajifanya wakili. Akasoma kwa sauti: kumbukumbu zote zilizomo katika mashine zinaweza kufutwa wakati wa matengenezo.

Nikakaa chini. Nilikalia pini, sikusikia.

Miaka miwili! Kila mchezaji Binti anamjua kwa jina. Akifika akute timu haipo, hatapiga kelele, hiyo si tabia yake. Atasema sawa, Mama. Hiyo sawa siwezi kuisikia.

Tumegombana mimi na Wifi. Kasema kosa ni langu, nilikuwa nachezea muda. Nikamwambia angekubali kufungwa mapema tungezima mapema. Akaenda kwake. Baada ya dakika kumi akarudi kuazima uzi.

Jumamosi, 18 Machi

Fundi wa kiwandani amepiga mwenyewe. Sauti ya mtu mchovu. Akauliza kama anazungumza na Binti. Nikapandisha sauti nyembamba, nikasema ndiye. Akasema feni ya ndani imekwama, imezongwa na nyuzinyuzi za waridi. Nikasema ajabu! Akasema zinalingana kabisa na vazi ambalo mashine imekuja imelivaa. Nikasema ajabu kweli.

Akasema swali la tisa nimejibu Hapana. Nikamwomba asubiri, mama yangu ataeleza vizuri zaidi. Nikakohoa, nikashusha sauti, nikasema haloo, mama mtu hapa. Akasema, kwa heshima zote, kwamba anamsikia mama na binti wakitumia cherehani moja kwa wakati mmoja. Kumbe mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga.

Nikaishiwa. Nikamweleza yote, kiapo, Wifi, dakika ya themanini na tisa, tarehe 25. Nililia, siyo kwa hila. Nikamwambia mashine wakitaka waichukue, wanirudishie Vifaranga tu. Akasema utaratibu wao ni kutuma mashine nyingine, ile ya zamani wanaifumua na kumbukumbu zinakwenda nayo. Tena waranti haihusu marinda. Lakini atamwuliza mkubwa wake.

Hakusema ndiyo. Ila hakusema hapana! Mtu anayetaka kusema hapana husema mara moja.

Jumanne, 21 Machi

Kiwanda kimya. Nikaona nisikae nimekunja mikono. Nimeamua kuijenga Vifaranga upya, mwenyewe, kutoka daraja la mwisho. Pale karibu na kituo cha mafuta kuna banda la gemu. Nikaenda na kikapu kana kwamba napita tu.

Wateja wote wanafunzi, wamevaa sare nilizozishona mimi. Wakaniamkia kwa pamoja. Mmoja akanionyesha kwapa lililofumuka, nikamwambia si mahali pake hapa. Mwenye banda akanipa kiti cha plastiki, nikaandika majina yote niliyoyakumbuka. Kumi na moja kamili, Mlango golini.

Mechi ya kwanza, nne bila. Ya pili, sita bila. Nikambadilisha Mlango nikamweka mbele, maana golini alikuwa hanisaidii kitu. Tisa bila. Kufikia jioni tulikuwa mkiani mwa daraja la mwisho, na gemu ikatoa maandishi kwamba kocha amefukuzwa kazi. Kocha ni mimi.

Banda zima la wanafunzi likanipa pole. Hawakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Ila nimejifunza kupiga kona.

Alhamisi, 23 Machi

IMERUDI!

Karani wa vifurushi kaileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaondoka na sketi ya mke wake. Barua juu: feni mpya, imesafishwa, kumbukumbu hazikuguswa. Vazi la satini limefungwa peke yake kwenye mfuko wa plastiki, lina karatasi imeandikwa KWA MAPAMBO TU, mistari miwili chini yake.

Nikawasha. Wifi ananing'ang'ania bega. Vifaranga wote kumi na moja! Na wa akiba saba! Mlango yuko pale pale golini, kama hakuna kilichotokea. Tukakumbatiana tukaruka mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Machozi yangu ndiyo yaliyofanya kazi. Nimemwambia Wifi hivyo: kuna watu wana shahada, mimi nina simu na machozi. Siku moja kabla! Bati la biskuti nimelivua, mashine iko mezani, hakuna mtu atakayejua kitu mpaka mwisho wa dunia.

Ijumaa, 24 Machi

Anajua.

Amefika saa tisa, amerefuka tena, sketi niliyomshonea Januari imepanda juu ya goti. Akanikumbatia, akamsalimia Shangazi yake, akaenda moja kwa moja mezani. Akaigeuza mashine, akatazama nyuma, akasema wameweka stika mpya, wamefanya vizuri.

Nikamwuliza akina nani.

Akafungua begi, akatoa karatasi zilizokunjwa. Barua zote za kiwanda. Waranti ni yake, kwa hiyo kila hatua walimwandikia yeye kwa barua pepe, naye akizisoma kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Tangu siku ile ya sauti nyembamba. Ile Jumapili aliponiuliza habari za Vifaranga alikuwa anajua, alikuwa ananipa nafasi niseme. Mara mbili! Nami nikamwambia asome kwa bidii. Natamani ardhi ipasuke.

Kumbe na yeye aliwaandikia. Barua tatu, akiwaomba wasifute kumbukumbu, hata kama itabidi akose mashindano. Akanipa ya mwisho niisome. Chini kabisa ameandika: tafadhali msimkaripie mama yangu, anaipenda hii gemu kuliko anavyokubali, na mchana huwa mpweke tangu nilipokuja bweni.

Nililia mpaka futi yangu ya kupimia ikalowa shingoni. Nikasema nilidhani ni machozi yangu. Akacheka, akasema hata hayo yalisaidia, fundi aliyataja.

Nikajikaza, nikamwuliza kuhusu lile swali la siri. Kwa nini Shangazi? Akasema alijua mimi nitajibu Mama bila kufikiri, na alitaka kufuli litakalonizuia mimi. Wifi tabasamu likamwishia. Kwa muda wa nusu saa nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Kisha Binti akasema ombi moja tu: siku nyingine nikiharibu kitu, nimwambie yeye kwanza. Nikaapa.

Jumamosi, 25 Machi

Wa pili! Ukumbi mzima! Vifaranga wamefika fainali, wamefungwa kwa penalti, na kabla ya hapo Mlango amepangua tatu. Tatu! Binti alikibusu kioo mbele ya watu. Mimi nilipiga kelele hadi mwamuzi akaomba mama mwenye futi shingoni akae chini. Mzee alimwuliza Wifi tangu lini mimi nazijua sheria za kuotea. Wifi akatazama dari. Mzee naye akaitazama, akaona ufa.

Medali ya fedha tumeitundika juu ya cherehani. Ni siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumanne, 4 Aprili

Binti amerudi bweni juzi. Ameniachia mashine kwa ruhusa, wazi wazi, bila kificho. Mama, cheza upendavyo, akasema, ila anzisha timu yako, Vifaranga usiwaguse.

Nimeanzisha timu yangu. Haina ladha. Siwajui, hawanijui.

Leo saa nane niliingia kuwasalimia Vifaranga tu. Kuwaangalia! Likatokea dirisha dogo kwamba klabu moja kubwa inamtaka Mlango, na badala yake watatoa washambuliaji watatu. Watatu kwa mmoja! Nikawaza furaha ya Binti akirudi akute safu ya mbele imejaa. Dirisha likauliza, una hakika? Liliuliza kwa adabu sana. Nikabonyeza Ndiyo.

Golini sasa amesimama beki wa kushoto. Wifi anasema yeye hakugusa kitu.

Mlango nimejaribu kumnunua, hawamwuzi. Lakini nimeshalipanga. Kiwanda ndicho kilichotengeneza mashine, bila shaka wanafahamiana na hiyo klabu, wawaombe tu kiungwana wamrudishe. Binti nisimsumbue, yuko kwenye mitihani. Nimepiga simu kwa sauti nyembamba, nimelijibu swali la siri mara moja bila kukosea, nimeeleza yote mpaka jina la golikipa. Yule dada mpole ameandika kila neno. Kasema jibu kamili litatumwa kwa barua pepe, kwenye anwani ile ile ya mwenye mashine.

Watu wastaarabu kweli. Safari hii hakuna atakayejua.